Lushoto hadi Mtae kwa miguu na mtoto wa miaka sita: mwongozo kamili

Waongozaji wengi wa Lushoto huigawa njia ya kwenda Mtae katika siku tatu. Siku ya kwanza mnapita msitu wa Magamba na kulala Lukozi, ya pili mnalala Rangwi, ya tatu mnaingia Mtae, kijiji kilichokaa ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi kuanza kule chini. Kwa mtu mzima mwenye magoti mazima ni mpango mzuri. Mimi niliufuata na binti yangu alipokuwa na miaka mitano na ushei, tukaishia Lukozi: yeye analia, mimi nimenuna, wote wawili tunangoja basi la kurudi mjini.

Mwaka uliofuata tulirudi, tukafika. Tulitumia siku tano, moja kati ya hizo tukiwa tumekaa tu, na kipande kimoja tulipanda gari. Nitakayoeleza hapa ni ya safari ya pili, ila nitaitaja ya kwanza kila itakapokuwa na kosa la kukuepusha.

Anza na mtoto kabla ya kuanza na njia

Mtoto wa chini ya miaka mitatu ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hatembei. Unamfunga mgongoni kwa kitenge kama alivyobebwa tangu azaliwe, na kinachobaki ni nguvu za mgongo wako. Kati ya miaka minne na mitano ndipo penye kazi. Ni mzito mno kubebwa kutwa, na bado ni mdogo mno kutembea kutwa. Kuanzia miaka sita wengi wanaweza, lakini usiuamini umri peke yake.

Sisi tunakaa Tanga mjini, kwa hiyo mazoezi tulifanyia ufukweni na mitaani, Jumamosi sita mfululizo. Jumamosi ya kwanza mwendo wa saa moja, na kila wiki tukaongeza nusu saa. Wiki mbili za mwisho tulitembea Jumamosi na Jumapili pia, na hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Karibu kila mtoto anaweza kutembea saa tatu mara moja akiahidiwa soda. Unachotaka kujua ni atafanyaje kesho yake asubuhi ukimwambia twende. Akienda kutafuta viatu, mko tayari. Akijificha chini ya kitanda, ongeza wiki mbili.

Tatizo la Tanga ni kwamba ni tambarare. Nilimpandisha na kumshusha ngazi za jengo la ghorofa nne ambalo mlinzi wake alikuwa mtu mwema. Sisitiza kushuka. Kupanda humchosha mtoto mapafu, na hilo huisha akipumzika dakika tano. Kushuka husukuma vidole vya miguu mbele ya kiatu, na maumivu yake hayaishi hadi usiku.

Viatu, kucha na nywele

Safari ya kwanza ilivunjwa na viatu. Nilimnunulia raba mpya siku mbili kabla ya safari, nikijiona baba anayejali. Tulipovuka msitu alikuwa anachechemea, na nilipomvua soksi nikakuta lengelenge kisiginoni, kubwa kama sarafu ya shilingi mia, limeshapasuka na soksi imegandia humo.

Viatu viwe vimevaliwa mwezi mzima, na katika mwezi huo viwe vimeshalowa na kukauka angalau mara moja. Mvalishe na soksi atakazotembea nazo, msimamishe, bonyeza mbele: unene wa kidole gumba cha mkono wako uingie kati ya kidole chake kirefu na ncha ya kiatu. Beba jozi tatu za soksi ndefu zilizokwisha fuliwa mara nyingi. Yeboyebo ziwe za jioni na za kuvukia vijito.

Mkate kucha za miguu siku mbili kabla, si asubuhi ya kuondoka, ili ukikosea na kukata karibu mno na nyama pawe pameshapona. Na kama ni msichana, asukwe kabla, nywele zisikazwe. Nawaambia hasa akina baba wenzangu. Siku ya tatu, kwenye ukungu, mkono wako umekufa ganzi kwa baridi, hutaki kuwa unagombana na chanuo.

Lini, na mfikeje

Masika, Machi hadi Mei, sahau. Vijia vya Usambara ni udongo mwekundu, na ukilowa unateleza kama sabuni. Likizo ya Juni ndiyo tuliyotumia. Mvua kubwa zimekwisha, lakini ni baridi, na asubuhi ukungu unaweza kukaa hadi saa nne. Likizo ya Desemba kuna joto zaidi, ila vuli ikichelewa kuisha itawakuta njiani.

Barabara kuu mnaiacha pale Mombo na kupanda kama kilomita 33 hadi Lushoto kupitia Soni, kona juu ya kona. Mtoto atatapika. Usimlishe chipsi pale Mombo, mkalishe mbele dirishani, na beba kopo lenye mfuniko, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019 na ya karatasi haifai kwa kazi hiyo. Nimejaribu.

Laleni Lushoto usiku mbili. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mtoto wa pwani anahitaji siku moja ya kuizoea baridi na kulala. Siku hiyo ya katikati nendeni Irente mkaangalie bonde kutoka kwenye mwamba. Ni zoezi la mwisho. Mshike mkono pale ukingoni, au bora zaidi kaeni chini, kwa sababu hakuna ukuta. Kwenye shamba la Irente wanauza mkate mzito, jibini na jemu. Nunueni, mkate ule hauharibiki upesi na mtoto anayekataa kila kitu hula jibini.

Mzigo

Mimi nilibeba kilo tisa, yeye kilo moja na nusu. Kanuni niifuatayo ni kwamba mtoto asibebe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na lazima abebe kitu, vinginevyo anakuwa mzigo na yeye mwenyewe anajua. Mkobani mwake: chupa ya maji ya nusu lita, sweta, filimbi, kidoli kimoja. Kidoli alikichagua mwenyewe, na nilikataa kabisa kukibeba hata alipochoka. Tulikubaliana nyumbani.

Kwangu: nguo zake za kubadili jozi mbili, koti la mvua la kila mmoja, mzula, blanketi jepesi, tochi, maji lita mbili na nusu, vidonge vya kutibu maji, chakula, dawa, sabuni, karatasi za choo na vitenge viwili.

Vitenge viwili, si kimoja. Cha kwanza ni cha kumbeba akichoka. Beba mwenye miaka sita hivi: apande juu ya jiwe au gogo nyuma yako, akulalie mgongoni, magoti yabane kiuno chako. Pitisha kitenge chini ya makalio yake hadi nyuma ya magoti, juu kifike kwapani mwake, vuta ncha mbili za juu na kufunga fundo kifuani, kisha ncha za chini uzikaze kiunoni. Mkoba wako uuvae mbele. Kwa kilo ishirini sikuweza zaidi ya dakika kumi na tano kwenye mpando, lakini dakika hizo huokoa saa nzima ya kugombana. Cha pili kinakuwa shuka kwenye kitanda usichokiamini, taulo, pazia la kubadilishia nguo, kivuli, na kikilowa unakitandaza juu ya mkoba kikauke mnatembea.

Dawa ziwe chache unazozijua: dawa ya maji ya kutuliza homa, huku mfamasia amekuandikia kipimo kwa uzito wa mtoto wako juu ya boksi, ORS (unga wa kurudishia maji mwilini mtoto akiharisha au kutapika) pakiti nne, plasta pana, dawa ya kusafishia kidonda, mafuta ya mgando. ORS zikiisha, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari visivyorundikwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vinatosha mpaka mfike zahanati.

Watu wa kuwaambia

Chukueni mwongozaji wa Lushoto anayeijua njia. Msitu wa Magamba ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na kuna ada ya kuingia, naye atawasaidia kulipa na kupata risiti. Mweleze wazi kwamba analipwa kwa siku na si kwa kufika. Wa kwetu alikuwa kijana aliyezoea Wazungu wenye haraka, ikamchukua siku nzima kuamini kwamba kweli tunaweza kukaa nusu saa tunamtazama kinyonga.

Jioni mkifika kijijini, mwongozaji awapeleke kwa mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji mjitambulishe. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto na namba ya mzazi mwenzako. Baba akitembea peke yake na mtoto wa kike ataulizwa "Mama yake yuko wapi?" kwenye kila nyumba ya wageni, na ni haki yao kuuliza. Mimi nilikuwa napiga simu, nampa mama mwenye nyumba aongee na mke wangu moja kwa moja. Wakimaliza kuongea, uji ulikuwa unakuja bila kuagizwa.

Mfundishe mtoto kusalimia kila mtu. Shikamoo ya mtoto mlimani ni kama pasi ya kusafiria. Tulijifunza na ya Kisambaa, *onga maundo* ya asubuhi na *onga mshi* ya mchana, na wazee walisimama na kuni zao kichwani kucheka na kumrekebisha matamshi. Hizo nazo zilikuwa pumziko, zihesabu kwenye ratiba.

Njia, siku kwa siku

Siku ya kwanza tulikwenda Lushoto hadi Magamba tu. Mwongozaji alisema ni saa mbili. Tulitumia nne na nusu. Kipimo changu sasa ni hiki: muda unaotajwa na mwenyeji uzidishe mara mbili, na mwenyeji akisema "hapo tu", zidisha mara tatu.

Siku ya pili ni msitu kisha Lukozi. Humo ndani ni giza na unyevu, na njia ina mizizi. Mbega hukaa juu kabisa mitini, utasikia matawi kabla hujawaona, mweupe na mweusi anaruka mkia unaning'inia. Hii ndiyo siku ambayo mtoto anaikumbuka, msiiharakishe. Ila tokeni msituni kabla ya saa saba, ili ukungu wa alasiri uwakute kwenye mashamba. Lukozi ni senta yenye soko na vyumba vya kulala.

Siku ya tatu mnatembea katikati ya vijiji na makinga ya kabichi, karoti na viazi hadi Rangwi, ambako masista Wakatoliki hupokea wageni kwenye nyumba yao. Piga simu kabla. Kuna maji ya moto. Siku ya nne hatukwenda popote. Binti alifua soksi zake, akalala mchana, akacheza mdako na wasichana wa jirani ambao waliwahi kutembea zaidi yake bila kuandikiwa mwongozo. Usiiruke siku hii. Niliwahi kudhani ni anasa, lakini miguu ya mtoto huuma siku ya tatu, na ya nne ndiyo ya kupona.

Siku ya tano, Rangwi hadi Mtae, ndiyo ndefu. Tulipanda gari la mizigo kipande cha kwanza na kutembea nusu ya mwisho, ile ya kwenye mgongo wa mlima. Kama unaona aibu kupanda gari, acha kutembea na watoto.

Namna ya kuiendesha siku moja

Toka saa moja asubuhi mmeshakula kitu cha moto. Baada ya dakika ishirini simameni, hata kama hakuna aliyechoka: mvue sweta kabla hajalowa jasho, toa mchanga kwenye viatu, kaza kamba. Kuanzia hapo tembeeni dakika arobaini, pumzikeni kumi na tano, na kila pumziko kuna kitu cha kutia mdomoni. Karanga, ndizi, yai la kuchemsha, kipande cha muhogo. Usingoje aseme ana njaa. Mtoto wa umri huu hasemi "nina njaa", husema "sikupendi".

Saa nzuri ni moja hadi nne. Baada ya hapo yeye ndiye awe mbele na wewe ufuate. Ukiwa mbele utajikuta umemwacha hatua hamsini, naye kila akifika ulipokaa kumsubiri wewe umeshapumzika na unainuka. Saa nane mchana muwe mmefika. Saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaingia, na kati yake kuna kuoga, kula na kulia kidogo.

Kwa mipando mirefu, hadithi. Mimi nilikuwa na moja ya hapohapo: Mbegha, mwindaji wa Nguu, aliyezaliwa kigego, meno ya juu yakatangulia kuota, ndugu zake wakamwona mkosi na kumfukuza. Akaja Usambara na mbwa wake, akiwawinda nguruwe waliokuwa wakimaliza mashamba, akiwapa watu nyama nao wanampa chakula, hadi usiku mmoja alipokwenda Vugha akaua simba na Wasambaa wakamfanya mfalme wao. Binti yangu wakati huo meno yake ya utoto yalikuwa yanang'oka, akashika ufizi njia nzima kuhakikisha lipi linatangulia. Kisha akauliza, kwa sauti ya watu wote kusikia, kama mfalme alikuwa tumbili, kwa sababu jana tuliona mbega wengi. Mwongozaji, ambaye ni Msambaa, ilibidi akae chini kwa kucheka. Simulia kwa vipande, na usimalizie mpaka mfike juu.

Akigoma

Atagoma. Angalia kwa mpangilio huu: viatu, njaa, baridi, choo. Mara tisa kati ya kumi ni mojawapo. Choo hasa, kwa sababu mtoto wa mjini huogopa shimo na hujizuia mpaka tumbo liume. Ingia naye, mshike mikono yote miwili, mulika tochi. Porini, nendeni mbali na kijito, chimbeni shimo kwa kijiti, fukieni.

Kama si hayo manne, amechoka. Mbebe dakika kumi na tano, au geuza. Kila kipande cha njia niliuliza mapema barabara ya bodaboda iko wapi, nikaandika namba ya dereva mmoja wa kila senta. Tuliitumia mara moja, mimi nyuma, mtoto katikati yangu na dereva, mwendo wa pole, kwa sababu dereva nilimwambia nitamlipa zaidi akichelewa.

Mambo matatu ya hatari

Baridi na unyevu kwa pamoja. Mtoto hupoteza joto haraka kuliko wewe, na wewe unayepanda na mzigo unatoka jasho, humhisi. Ingiza mkono ndani ya nguo, gusa tumbo au shingo ya nyuma, usipime kwa viganja. Akitetemeka, au akinyamaza ghafla na kuanza kujikwaa, simama papo hapo: nguo zote zenye maji zitoke, kavu ziingie, mzula kichwani, mweke kifuani kwako ndani ya koti, mpe kitu kitamu. Kisha nyumba ya kwanza mtakayoiona, pigeni hodi. Hakuna Msambaa atakayemfungia mlango mtoto anayetetemeka.

Kupotea. Kanuni ni moja, na tuliifanyia mazoezi nyumbani: usiponiona, simama, shika mti, puliza filimbi mara tatu, usiuache mti. Namba yangu ya simu niliandika kwa biki mkononi mwake kila asubuhi, juu ya kiwiko ambako hainawiwi. Namba ya dharura ya polisi ni 112, ila mtandao unakatika mabondeni, kwa hiyo msaada wako wa kwanza ni mwongozaji na watu wa shambani.

Malengelenge. Akisema "panawasha", usimwambie tumekaribia. Mvue hapo hapo. Doa jekundu lililokauka, plasta pana bila kukunja. Limeshajaa maji, liache bila kulipasua, lizungushie plasta, abadili kiatu. Nilipoteza safari nzima kwa kusema "tumekaribia".

Mkifika Mtae

Jua likiwa linazama kaeni upande wa bonde, na mtoto awe amefungwa kitenge kiunoni, ncha nyingine mkononi mwako, kwa sababu upepo ni mkali na nyumba nyingine zimejengwa hatua chache tu kutoka kwenye genge. Kabla hamjalala, mtafute kondakta na umuulize basi linaondoka saa ngapi, maana mabasi ya kurudi Lushoto huondoka gizani bado. Lipia viti viwili, hata kama atakwambia mtoto atapakatwa. Kisha mlaze na nguo za safari, viatu mlangoni vikiwa vimefunguliwa kamba, kopo la kutapikia ndani ya mkoba wake mwenyewe, juu kabisa.